Annalena Tonelli: Mwanamke aliyegeuza kambi ya muda kuwa hospitali

ANAYESAFIRI kwa barabara kutoka Kisumu kuelekea mjini Kakamega hupita Mukumu, mahali ambapo kanisa, hospitali na shule ya wasichana vimesimama kwa miaka mingi kama ushahidi wa kazi ya wamishonari wa Kikatoliki waliofika Magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa wakazi wa Mukumu, msaada wa mgeni una sura inayofahamika. Huja na shirika, hujenga kwa matofali na huacha jina lake langoni. Vizazi kadhaa vimesomea na kutibiwa katika majengo hayo, na ni wachache wanaouliza tena yalianzaje.

Lakini ipo aina nyingine ya kujitolea, isiyo na jengo wala lango. Ndiyo iliyohitajika mapema mwaka wa 2008, wakati ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao.

Nyua za makanisa, vituo vya polisi na viwanja vya maonyesho ya kilimo viligeuka kuwa kambi kwa usiku mmoja. Waliosalimika hawakuhitaji hotuba. Walihitaji uji, blanketi, dawa na mtu wa kuketi nao.

Miaka mingi kabla ya hapo, katika pembe nyingine ya nchi hii, mwanamke mmoja alikuwa ameyatoa maisha yake yote ya utu uzima kwa watu wa kambi za namna hiyo. Hakuwa mtawa, hakuwa daktari, na hakuwa mtumishi wa shirika lolote. Hakulipwa mshahara. Jina lake lilikuwa Annalena Tonelli, na Kenya ilimfahamu vyema kabla ya kumfukuza.

Alizaliwa Aprili 2, 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia, wakati Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea kuiteketeza Ulaya. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Bologna, elimu ambayo ingempa maisha ya heshima na kipato kizuri mjini kwao.

Hata hivyo, alipokuwa bado mwanafunzi, moyo wake ulikwisha kuhamia kwingine. Kwa takriban miaka sita aliwahudumia maskini wa mji wake: watoto wa makao ya mayatima, wasichana wenye ulemavu wa akili na familia za mitaa duni. Mwaka wa 1963 alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani pale Forlì.

Kamati hiyo ndogo ya watu wa mji mmoja ndiyo iliyokuja kumtumia fedha kwa zaidi ya miaka 30, pamoja na michango ya jamaa na marafiki. Bila ya watu hao wa nyuma ya pazia, mengi yanayosimuliwa hapa hayangewezekana.

Januari 1969, akiwa na umri wa miaka 25, aliondoka Italia na kuja Kenya. Kwa kuwa mgeni kijana asiye na shirika hakuwa na njia nyingi za kuruhusiwa kufanya kazi nchini, alianza kwa ualimu wa shule ya sekondari. Mwaka wa 1970 alifika Wajir.

*Mgeni katika nchi ya ukame*

Wajir ya miaka hiyo ilikuwa mbali na Nairobi kuliko ramani inavyoonyesha. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa umetoka tu katika vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka wa 1963 baada ya Wasomali wa eneo hilo kutaka kujiunga na Somalia, na kumalizika mwaka wa 1967.

Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi mwaka wa 1991. Askari walikuwa na madaraka makubwa, barabara zilikuwa mbovu, na mwananchi wa kawaida alizoea kutazamwa na serikali yake kama mshukiwa kwanza na raia baadaye.

Aliyezoea mvua za Kakamega, ambako msitu huonekana kijani mwaka mzima, angepata tabu kuielewa nchi ile. Huko mali ya mtu ni ngamia, na nyumba yake ni miti iliyopindwa na kufunikwa kwa mikeka, inayoweza kufunguliwa asubuhi na kupakiwa mgongoni mwa mnyama. Wafugaji huhamahama kwa sababu kukaa mahali pamoja ni kuwaua mifugo.

Katika jamii hiyo ya Waislamu, Annalena alikuwa kitendawili. Alikuwa mzungu, Mkristo, mwanamke kijana asiyekuwa na mume wala mtoto, wala asiyetaka kuolewa. Kwa mila za wafugaji, mwanamke wa namna hiyo hakuwa na nafasi inayoeleweka. Wapo waliomtilia shaka kwa miaka, na wapo watoto waliomrushia mawe.

Hakujibu kwa mahubiri. Imani yake ya Kikatoliki ilikuwa ndiyo nguzo ya maisha yake, lakini hakuwahi kuifanya kuwa bei ya huduma. Alijifunza Kisomali, akavaa mavazi ya stara kama wanawake wa hapo, akala kidogo na kulala saa chache. Mali yake yote haikuzidi nguo mbili tatu na vitabu.

Pamoja na wanawake wenzake kadhaa wa kujitolea, waliokuja nao bila mshahara, alianzisha kituo cha kuwahudumia walemavu. Wengi wao walikuwa watoto waliopooza kwa ugonjwa wa polio, ambao awali walitambaa vumbini. Hapo walifanyiwa mazoezi ya viungo, wakapewa vifaa vya kutembelea na kufundishwa kusoma.

*Manyatta ya wagonjwa*

Adui aliyemshughulisha zaidi, hata hivyo, alikuwa kifua kikuu. Katika jamii za wafugaji ugonjwa huo uliogopwa na kufichwa. Aliyeanza kukohoa damu alitengwa, na familia yake ilikana kwamba ana maradhi hayo, kwani aibu yake iliweza kuharibu hata posa za dada zake.

Tiba ilikuwepo, lakini haikuwafaa watu wa kuhamahama. Ilichukua mwaka mmoja au hata mwaka na nusu. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu baada ya wiki chache aliiona mvua upande wa pili wa upeo, akakumbuka ngamia wake, akaondoka.

Miezi michache baadaye ugonjwa ulirudi, mara nyingine ukiwa sugu kwa dawa zile zile, na ukiwa umekwisha kuwaambukiza jamaa wengine kambini. Kwa sababu hiyo, wakuu wengi wa afya waliamini kwamba mfugaji wa kuhamahama hatibiki. Kosa lilitupwa kwa mgonjwa na miguu yake isiyotulia.

Mwaka wa 1976 Annalena alikabidhiwa usimamizi wa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika. Wakati huo dawa mpya zilikuwa zimewezesha tiba kufupishwa hadi miezi sita. Suala lilikuwa namna ya kumfanya mfugaji akae mahali pamoja kwa miezi hiyo.

Jibu lake lilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Hakujenga wadi. Aliwaalika wagonjwa waje na nyumba zao.

Kwenye uwanja mkavu mbele ya kituo cha walemavu, familia zilisimamisha vibanda vyao vya miti na mikeka. Mgonjwa aliishi na mkewe au mama yake, akapika chakula alichokizoea, akasali kwa wakati wake. Kila asubuhi alimeza dawa mbele ya mhudumu, bila kukosa hata siku moja, hadi miezi sita ilipotimia.

Kambi hiyo ikaitwa manyatta, na jina likaenea. Waliopona walirudi malishoni na kuwaelekeza wengine. Aibu nayo ilianza kupungua, kwa sababu katika manyatta kila jirani alikuwa na maradhi yale yale na kila wiki kulikuwa na mtu anayeaga akiwa mzima.

Mambo mawili yalikuwa yamejibiwa kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mfugaji hakuwa mkaidi. Hospitali ndiyo iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya mtu mwingine. La pili ni kwamba dawa pekee haitoshi, lazima pawepo mtu wa kumwangalia mgonjwa akiimeza.

Kumwona mgonjwa akimeza dawa ndio uliokuja kuwa msingi wa mkakati ambao WHO iliupendekeza kwa dunia nzima katika miaka ya 1990, baada ya kutangaza mwaka wa 1993 kwamba kifua kikuu ni janga la dharura duniani.

Ni haki kusema kwamba mkakati huo haukuwa wa mtu mmoja. Nchini Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu Karel Styblo alishirikiana na serikali ya nchi hiyo kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu ambao ulitoa ushahidi mkubwa kuhusu tiba fupi yenye uangalizi. Lakini manyatta ya Wajir ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kuonyesha kwamba hata mtu asiye na makao ya kudumu aliweza kufuatwa hadi akapona.

Kwa kuwa hakuwa na shahada ya udaktari, Annalena alijielimisha hatua kwa hatua. Alipata vyeti vya udhibiti wa kifua kikuu nchini Kenya, tiba ya magonjwa ya nchi za joto na afya ya jamii nchini Uingereza, na tiba ya ukoma nchini Uhispania. Kujitolea, kwake, hakukuwa kisingizio cha kufanya kazi bila ujuzi.

*Siku za Wagalla*

Mtihani mkubwa zaidi wa maisha yake nchini Kenya ulikuja Februari 1984.

Wakati huo kulikuwa na uhasama wa muda mrefu kati ya koo za Degodia na Ajuran kuhusu malisho na visima. Serikali iliagiza bunduki zisalimishwe, na kuona kwamba Wadegodia walikuwa wamekaidi. Kuanzia Februari 10, vikosi vya usalama viliwakamata wanaume wa ukoo huo mjini Wajir na vijijini na kuwapeleka katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, umbali wa takriban kilomita 15 kutoka mjini.

Walivuliwa nguo na kulazwa juu ya kokoto zinazochoma, chini ya jua kali, kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliokataa kuvua nguo walipigwa risasi. Nyumba za mtaa wa Bulla Jogoo zilichomwa, na wanawake na watoto wakabaki nje bila paa. Mwishowe waliokuwa uwanjani walipojaribu kukimbia, wengi waliuawa. Maiti na majeruhi walipakiwa kwenye malori na kutupwa porini.

Habari zilipofika mjini, kila mtu alijua bei ya kuonekana akiwasaidia watu hao. Kwa Annalena, bei hiyo haikuwa maisha yake tu. Alikuwa mgeni aliyekaa nchini kwa idhini ya serikali ile ile. Mamia ya wagonjwa walitegemea dawa alizowapa kila asubuhi. Angeweza kujiambia, na wengi wangemwelewa, kwamba akinyamaza manyatta itaendelea kuwepo, na akisema itakufa pamoja naye.

Hakunyamaza. Alichukua gari na kwenda porini kuwatafuta waliokuwa bado na pumzi. Akishirikiana na wenyeji, aliwaokota majeruhi na kuwafunga vidonda, akawapelekea maji waliojificha vichakani na kusaidia kuwazika waliokufa. Wajane na mayatima wa Bulla Jogoo walipata kwake chakula na mahali pa kulala.

Kisha alifanya jambo ambalo wakuu wa wakati huo hawakumsamehe. Aliandika majina. Orodha ya waliouawa pamoja na picha zilisafirishwa kwa siri hadi Nairobi na kufika mikononi mwa wanadiplomasia wa nchi za kigeni. Bungeni, aliyekuwa Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, alilipaza suala hilo mbele ya taifa. Khalif alifariki katika ajali ya ndege mjini Busia Januari 2003, wiki chache tu baada ya kuteuliwa waziri.

Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa walikuwa 57. Mwaka wa 2000 ilikiri bungeni kwamba walikuwa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka wa 2013, ilikadiria kwamba walikaribia 1,000, huku wenyeji wakitaja maelfu. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa.

Mwaka wa 1984 hakukuwa na tume wala radhi. Annalena alihojiwa na kutishwa, na alinusurika mashambulizi ya kuvizia. Mwaka wa 1985 alilazimishwa kuondoka nchini baada ya kuishi Wajir kwa miaka 15.

Kile alichokihofia, hata hivyo, hakikutokea. Manyatta haikufa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu uliendelea kutumia mfano huo katika wilaya kame za kaskazini, na kwa miaka mingi baadaye wagonjwa wa kuhamahama waliendelea kupiga kambi karibu na vituo vya afya hadi wapone.

*Vita vya jirani*

Mtu mwingine angerudi Forlì na kufungua ofisi ya uwakili. Yeye alivuka mpaka na kuingia Somalia, akaanza upya Belet Weyne, kisha Mogadishu.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka na nchi ikagawanyika mikononi mwa wababe wa vita. Ukame ukakutana na bunduki. Njaa ya mwaka wa 1991 na 1992 inakadiriwa kuwaua takriban watu 300,000, na wengine wengi walikimbilia Kenya, ambako kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka wa 1991 zikidhaniwa kuwa za muda mfupi.

Wakati wageni wengi walipokuwa wakihamishwa kwa ndege, Annalena alibaki. Mjini Mogadishu na baadaye katika mji wa pwani wa Merca, aliwalisha waliokuwa wakifa kwa njaa na kuendelea kutibu kifua kikuu. Alipigwa, akaporwa na kutishwa na makundi yaliyotaka dawa, chakula na fedha alizopokea kwa ajili ya wagonjwa.

Mwaka wa 1995 hali ya Merca ilimlazimu kuondoka. Nafasi yake katika hospitali ya kifua kikuu ilishikwa na daktari Mwitaliano, Graziella Fumagalli. Oktoba 22 mwaka huo huo, Dkt Fumagalli aliuawa kwa risasi kazini. Kifo hicho kilimwonyesha Annalena waziwazi jinsi njia aliyoichagua ingeweza kumalizika.

*Borama, kituo cha mwisho*

Mwaka wa 1996 alifika Borama, mji wa vilima kaskazini magharibi, katika eneo la Somaliland karibu na mpaka wa Ethiopia. Mji huo ulikuwa njia ya wakimbizi. Watu waliovikimbia vita vya mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wakianza kurejea kutoka kambi za Ethiopia, wengi wao wakiwa dhaifu na wagonjwa, na nyumba walizoziacha zikiwa magofu.

Hapo alianza na vitanda vichache, na kufikia mwaka wa 2003 hospitali yake ya kifua kikuu ilikuwa na zaidi ya vitanda 200. Wagonjwa walitoka mbali, wengine wakivuka mpaka kutoka Ethiopia na Djibouti. Utaratibu ulikuwa ule ule wa Wajir: dawa kila siku mbele ya macho, na kila mgonjwa kufuatwa hadi apone.

Kazi ilizaa kazi. Wauguzi wa hapo walipata mafunzo, na wagonjwa waliokaa miezi mingi wakafundishwa kusoma na kuandika. Alianzisha shule ya watoto viziwi, ya kwanza katika eneo hilo, ambayo ilipokea pia watoto wenye ulemavu mwingine. Madaktari wa macho kutoka ng'ambo waliletwa mara kwa mara kuwapasua wenye mtoto wa jicho, na watu waliokuwa vipofu kwa miaka wakarudi nyumbani bila kushikwa mkono.

Pamoja na wanawake wa Borama, akiwasikiliza kwanza na kuzungumza baadaye, aliunga mkono juhudi za kukomesha ukeketaji. Aidha, alikubali kuwatibu wagonjwa wa ukimwi wakati ambapo neno hilo halikutamkwa hadharani.

Uamuzi huo wa mwisho ulimponza. Baadhi ya wakazi waliamini kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa huo mjini. Waandamanaji waliizingira hospitali na kuirushia mawe. Kwa mwanamke ambaye alikuwa amepigwa mawe Wajir akiwa msichana wa miaka 27, lilikuwa jambo la kusikitisha kuyaona tena akikaribia miaka 60. Aliendelea kuwapokea wagonjwa.

Alichukia kutangazwa. Moja ya nyakati chache alizokubali kuzungumzia maisha yake hadharani ilikuwa mwaka wa 2001, ambao Umoja wa Mataifa uliuteua kuwa mwaka wa kimataifa wa wajitoleaji, alipoalikwa kwenye mkutano wa Vatican kuhusu huduma za afya. Wengi wa waliomsikia hawakuwahi kulisikia jina lake kabla ya hapo.

Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, lilimtunuku Tuzo ya Nansen, ambayo ndiyo heshima kubwa zaidi duniani kwa wanaowatumikia wakimbizi. Dola 100,000 zilizoambatana na tuzo hiyo zilikuwa za hospitali ya Borama.

Tuzo hiyo ilikuwa imebeba jina la Fridtjof Nansen, Mnorwei aliyekuwa kamishna wa kwanza wa wakimbizi katika Shirikisho la Mataifa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa kawaida watu huitazama kuwa kilele cha safari. Annalena aliipokea, akarudi Borama na kuendelea na zamu zake.

Jioni ya Oktoba 5, 2003, alikuwa katika uwanja wa hospitali baada ya kuwazungukia wagonjwa kama ilivyokuwa desturi yake. Mtu mwenye bunduki alimfyatulia risasi kichwani na kutoweka gizani. Alikufa akiwa na umri wa miaka 60, hatua chache kutoka kwa watu aliokuwa akiwatibu.

Borama ililia. Waislamu wa mji ule waliomboleza mwanamke Mkristo ambaye hakuwa na jamaa hata mmoja kati yao, ila wale aliowaponya. Mabaki yake yalirudishwa Wajir, mji uliompokea kwa shaka na ambao alilazimishwa kuuacha.

*Alichokiacha*

Maisha ya namna hii huleta maswali, na si vyema kuyakwepa. Je, kazi inayobebwa na mtu mmoja asiye na shirika inaweza kudumu? Wapo waliomlaumu kwa kujitwika mno, kwa kutolala, kwa kukataa ulinzi, na kwa kutotaka taasisi ya kumrithi.

Jibu limo katika yaliyofuata. Hospitali ya Borama na shule ya viziwi hazikufungwa, na watu wa mji ule waliendelea kuziita kwa jina lake. Manyatta za kifua kikuu za kaskazini mwa Kenya ziliendeshwa na wauguzi Wakenya ambao baadhi yao hawakumjua. Orodha ya Wagalla, iliyoandikwa wakati ambapo kuandika kulikuwa hatari, ilisaidia kuzuia nchi isisahau.

Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba hakujenga. Alijenga utaratibu, na utaratibu hauhitaji lango.

Kwa msomaji wa Mukumu, ambaye amekulia karibu na minara ya kanisa na wadi za misheni, funzo lake halipingani na lile la wamishonari wa kale. Majengo yanahitajika. Lakini mwaka wa 2008 ulituonyesha kwamba siku ya dhiki huja kabla ya mhandisi, na kwamba aliyefukuzwa kwake hawezi kungoja harambee ya ujenzi.

Siku hiyo linalohitajika ni mtu atakayeuliza, kama Annalena alivyouliza mbele ya uwanja ule mkavu wa Wajir, si namna ya kumleta mgonjwa kwenye jengo letu, bali namna ya kulipeleka jengo letu alipo mgonjwa. Linahitaji pia ujuzi, kwa sababu huruma isiyojua kipimo cha dawa huua. Na wakati mwingine linahitaji kalamu ya kuandika majina.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wenyeji wa Wajir walichukua miaka kumwita hivyo mwanamke yule wa Forlì. Walipokuwa tayari kumwita, serikali ilimwondoa. Leo, zaidi ya miaka 20 tangu kifo chake, mchanga wa Wajir unamhifadhi, na hapana anayeweza kumfukuza tena.